Shoka Lisilokaa Begani

Walisema mpini sitauweza. Baba mdogo alisema mtu aliyekaa Uganda akinywa chai kwa mkate hawezi kukumbuka mti upi unavumilia chuma cha moto na upi unapasuka. Mkubwa wa kambi, mzee aliyewaongoza wanaume wa kwetu Ntalikwa kwenda porini kurina asali kila mvua zilipokatika, alisema amewaona wasomi wanavyopima, na wanapima vizuri sana, lakini yeye hajaona shoka lililopanda mti kwa sababu limepimwa. Na mtani wa baba, Mzaramo aliyekuwa akija kwa baiskeli kutoka mjini Tabora kununua nta, alisema neno lililozunguka kijiji kizima kabla sijafungua kufuli la sanduku langu la vifaa.

"Diploma inakaa ukutani, shoka linakaa begani," alisema. "Mpeni muda huyu, atatundika shoka ukutani na diploma ataivaa begani."

Naandika haya nikiwa mtu mzima, mwenye nyumba ya bati niliyoipaua kwa mikono yangu, na nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mpini niliuweza. Niliuweza kuliko walivyodhani, na kuliko wao wenyewe. Kilichonishinda hakikuwa mpini.

Mimi sikubebwa na mtu. Baba alikuwa mrina asali, na babu yangu alikuwa mpagazi siku za misafara. Njia yenyewe ilipita nyuma ya shamba letu la mihogo, na hata wakati wa Mwingereza, reli ilipokuwa imekwisha kuinyang'anya kazi, wazee waliendelea kuiita njia ya pembe. Babu alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, akarudi na majora ya nguo na mikufu ya shanga. Alikufa nikiwa mdogo, lakini nakumbuka nundu ngumu juu ya bega lake la kulia, kubwa kama yai, ambayo wajukuu tuliruhusiwa kuigusa tukiwa na adabu. Kwetu mwanamume alitazamwa bega kwanza, uso baadaye. Baba alirithi bega pana la babu, na juu yake, badala ya pembe, likakaa shoka.

Mimi nilitaka kingine. Nilibeba matofali misheni, kisha nikafagia maranda katika karakana moja mjini mpaka mafundi walipochoka kunifukuza kwenye vifaa vyao. Nikajifunza kupiga randa, nikajifunza kuchora, nikajifunza kusoma michoro ya Wazungu bila kutafsiriwa. Nauli ya treni mpaka Mwanza na ya meli ya kuvuka ziwa niliitoa mfukoni mwangu. Karo ya chuo niliilipa kwa kutengeneza viti na vitanda siku ambazo wenzangu walikuwa wakicheza mpira. Nikarudi na diploma ya ufundi wa mbao na ujenzi, yenye muhuri mwekundu, ambayo katika upande wetu wote sikumjua mwingine aliyekuwa nayo. Niliitilia fremu ya mninga yenye viungo visivyo na msumari hata mmoja, nikaitundika kwa baba mahali ambapo mgeni akiinua tu macho lazima aione. Na nililojivunia kuliko muhuri ni kwamba katika safari hiyo yote sikukopa kitu kwa mtu, si nauli, si nyundo.

Mama nilimletea blanketi. Baba nilimletea koti la sufu la kijivu, nililolichagua Kampala kwa kukumbuka upana wa mabega yake. Alilivaa siku ile ile. Likakaa upande kidogo, nikawalaumu washonaji wa Kampala kwa haraka yao.

Shoka la baba lilikuwa dogo, la aina ambayo watu wa kwetu wametumia tangu zamani. Halikuwa na tundu kama mashoka ya dukani. Bapa lake lilikuwa jembamba, pana kiasi cha vidole vinne kwenye makali, likizidi kusinyaa kuelekea nyuma mpaka likawa mkia wa chuma kama msumari mnene. Kwenye shoka la dukani mpini unaingia katika chuma, na usipotia kabari siku moja chuma kitaruka. Kwenye shoka letu chuma ndicho kinachoingia katika mpini. Mpini huachiwa kichwa kinene kama rungu, mkia ukapashwa moto, ukakitoboa kichwa kwa kukiunguza, na tangu hapo kila pigo linaukaza zaidi. Nimesoma vitabu vya vifaa vya mataifa mengi, na bado nasema ni ufundi mzuri.

Mrina asali hulitumia shoka hilo kukata vikanyagio kwenye gome la mti, kufungua mzinga, na kuchonga alama yake ili mwingine asiguse. Lakini anapopanda, mikono yote miwili ni ya mti. Kwa hiyo shoka huangikwa begani, mpini ukining'inia kifuani, bapa likielekea mgongoni, bila kamba. Baba alikuwa akipanda mti mrefu hadi mzinga ulipo, huku amezungukwa na nyuki, na shoka likikaa pale kama ndege aliyezoea tawi lake.

Nilipokuwa bado Uganda aliugua. Mama alinieleza kwamba ilikuwa homa ya masika, kwamba asubuhi moja alianguka uani, akalala siku nyingi na mdomo mzito, kisha Mungu akamsaidia akaamka. Mimi nilimkuta anatembea, anakula, anagombeza mbuzi. Jambo moja tu lilikuwa limebadilika. Shoka likiangikwa begani, lilianguka.

"Linanikimbia," aliniambia, kama mtu anayeshtaki mnyama wake.

Hilo halikuwa jambo dogo. Kambi yetu ilikuwa na desturi. Kabla ya kwenda porini, mkubwa wa kambi aliwakusanya wanaume chini ya mti mmoja mrefu wa mtundu uliosimama mwisho wa mashamba. Kila mmoja alipanda mpaka tawi la kwanza na kushuka, shoka begani, bila kuligusa. Porini, mtu anapokuwa juu, wenzake husimama chini na moshi na chombo cha kupokelea masega, na zamani shoka lililoteleza lilikwisha kumuua mtu. Ambaye shoka lake lilianguka kwenye mtundu, msimu huo hakwenda. Hapakuwa na maneno wala rufaa. Na ambaye hakwenda msimu mmoja, kwetu, watu walianza kusimulia habari zake kwa wakati uliopita. Baba hakuwa amekosa msimu tangu alipoota ndevu.

Akalileta shoka kwenye benchi langu, nililokuwa nimelifunga chini ya ukingo wa ghala la mtama. "Wewe si fundi?" alisema. "Litazame. Siku ya mtundu iko karibu."

Nililitazama kama nilivyofundishwa. Niliugonga mkia kwa ufunguo wa sanduku na kusikiliza. Ulilia safi, hauna ufa. Makali yalikuwa yameliwa na kunolewa kwa miaka, lakini chuma kigumu kilikuwa bado kipo cha kutosha. Nililiinua nikafumba jicho moja na kuutazama mpini kwa urefu wake, kama mtu anayelenga bunduki. Ulikuwa umepinda kuelekea kushoto. Nyuzi za mti zilitoka nje karibu na mahali pa kushikia, na chini ya mkia, kichwani, kulikuwa na ufa mwembamba uliojaa nta kuukuu. Nikakisugua kichwa kwa kidole gumba na kutoa hukumu yangu.

"Mpini umechoka, baba. Chuma ni kizima. Mpini ndio unaokuangusha."

Uso wake ulifunguka. "Nilijua," alisema. "Nilijua si mimi."

Juu ya jiko la mama, darini, baba alikuwa amehifadhi vipande vya mti wa mkole vilivyokaushwa kwa moshi, vyote vimekatwa pale shina linapokutana na mizizi, ambapo mti wenyewe unajitengenezea uvimbe wa kichwa. Nilichagua kipande ambacho nyuzi zake zilikwenda moja kwa moja kutoka uvimbeni hadi mwisho. Nilichora kwa bikari, nikachonga, nikapiga tupa, nikamalizia kwa kipande cha chupa mpaka mpini ukateleza mkononi kama samaki. Mkia niliupasha ukawa mwekundu, nikakitoboa nao kichwa kidogo kidogo, nikiutoa na kuurudisha ili mti usishtuke, na moshi wake ukanukia vizuri. Niliuegemeza mpini juu ya kidole kimoja, ukatulia. Nililiangika shoka begani kwangu, nikatembea, nikakimbia kulizunguka ghala, nikaruka. Shoka halikutikisika.

Baba aliliangika begani kwake, akaenda hatua chache, akainama kupita chini ya kamba ya nguo. Likaanguka.

"Linanikimbia," alisema.

Nikachonga mwingine, wenye kichwa kinene zaidi. Likaanguka. Nikachonga wa tatu, ambao pembe yake ilikuwa wazi zaidi ili bapa lilemee mgongoni. Likaanguka, safari hii karibu na mguu wake. Kila lilipoanguka alinitazama bila hasira, kwa subira ya mtu anayemwamini fundi, na subira hiyo ndiyo iliyoniondolea hamu ya chakula. Watu walianza kupita kwetu bila shughuli. Mtani alileta baiskeli yake mpaka karibu na benchi.

"Mtani," alimwambia baba, "huyu mwanao alisomea nini kweli huko? Isije ikawa alisomea upishi, wewe ukasikia vibaya."

"Alisomea kutengeneza jeneza lako," baba alijibu. "Amechukua vipimo vyako kwa jicho. Amesema mabega hayapo."

Walicheka wote wawili. Hapo baba alikuwa bado baba.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilikwenda kukopa. Nilitaka mashoka yaliyojulikana kwamba yanakaa, niyapime na kuyalinganisha. Na shoka la msimu wa asali kwetu halikopeshwi hivi hivi. Anayelitoa shoka lake anakuwa na haki ya asali ya shoka: bakuli la kwanza kukamuliwa katika mizinga ya yule aliyekopa, kabla mwenye mizinga mwenyewe hajalamba kidole. Baba mdogo alinipa lake la akiba na kuniuliza kama Uganda hakuna mashoka. Mkubwa wa kambi alinipa la marehemu kaka yake, amelifunga kwa kitambaa, akasema nisilitie tupa. Mtani alinikopesha shoka lake la kupasulia kuni, la dukani, la Ulaya, lenye tundu na kabari.

"Hili halijawahi kuona nyuki," alisema, "lakini asali yake nitaila hivyo hivyo."

Niliyapanga kwenye benchi. La baba mdogo lilikuwa jepesi kichwani na kavu mno; nilisikia kwa kulitikisa kwamba mkia umeanza kucheza. La marehemu lilikuwa bora kuliko yote, pembe yake imechongwa na mtu aliyejua. La Ulaya lilikuwa zuri kwa mtu aliyesimama ardhini, lakini uzito wake wote ulikuwa nyuma ya makali, na kabari yake ilikuwa imetiwa upande na mtu mwenye njaa. Niliandika vipimo kwa chaki juu ya ubao. Nikayaangika yote begani kwangu, moja baada ya jingine, yakakaa. Baba mdogo alipopita nikamjaribishia, yakakaa. Hata mtani, aliyekuwa na mabega yanayoteremka kama ya chupa, lilimkalia la marehemu akazunguka nalo uani akijifanya mrina mkubwa.

Kwa baba yalianguka yote.

Nilijua mbao. Nilijua pembe na mizani. Siku hizo nilitembea huku na huko nikiwa na vyote hivyo kichwani, na sikuwa na pa kuvitia.

Kasoro niliiona Jumapili, tulipokuwa tukijiandaa kwenda misa. Baba alitangulia akasimama mlangoni kwa ndani, mgongo wake kwangu, jua likiwa mbele yake, amevaa koti la kijivu. Mshono wa katikati ya mgongo ulishuka wima kama uzi wa timazi. Washonaji wa Kampala hawakukosea. Koti lilikuwa sawa. Bega la kulia ndilo lililokuwa limeshuka chini ya la kushoto, nami ni mtu ninayeuona ukuta ulioinama kwa umbali wa shamba zima, na kwa wiki hizo zote nilikuwa nimetazama mpini.

Nilimkaribia kama mtu anayemkung'uta vumbi. Chini ya sufu nyama haikuwapo. Mfupa ulikuwa umetokeza kama ukingo wa benchi, nao uliteremka. Kofia yake ilikuwa kwenye kigingi upande wa kulia. Aliitoa kwa mkono wa kushoto, akivuka kifua chake, kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuzoea.

Baada ya misa nilimfuata mama uani, alikokuwa akipeta mtama.

"Mama, bega la baba limeshuka."

Hakuacha kupeta. "Limeshuka tangu alipoanguka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi na mpini wako, baba," alisema mama, ambaye tangu utoto wangu aliniita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la baba yake. "Na yeye alikuwa amefurahi. Niseme nini?"

Nilimwambia baba twende hospitali mjini, wamtazame mkono. Akasema kinachoanguka ni shoka, si yeye. Nilimwambia ajaribu bega la kushoto. Alilijaribu kunifurahisha mimi, likakaa, lakini alipotaka kulichukua, mkono wa kulia haukufika, akaliangika tena kulia. Nilimshonea mkanda wa ngozi, mwembamba, nadhifu, wa kupita kwapani na kulifunga shoka mahali pake. Aliugeuzageuza mkononi akanirudishia.

"Nifungwe kama mtoto mgongoni?"

Chuoni nilifundishwa kwamba kitu kisichokaa sawa kina dawa: kipunguze, kiongeze, kitie kabari, kitie gundi. Sikufundishwa la kufanya ikiwa kitu chenyewe ni baba na hakitaki kuguswa.

Nilichonga mpini wa mwisho kwa siri ambayo haikuwa siri. Chini ya kichwa nilichimba mahali pa kukalia, kama tandiko la punda, kwa mteremko wa bega lile lililoshuka. Vipimo nilivichukua kwenye koti, lilipokuwa limetundikwa, kwa sababu sufu ilikuwa imeanza kuigiza mwili wake. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, kabla na baada. Baba aliliangika shoka begani, akatembea. Likakaa. Akaenda mpaka shambani na kurudi. Likakaa. Akainama chini ya kamba ya nguo, akainuka, akacheka mwenyewe.

"Nilikuambia," alimwambia mama. "Ulikuwa mpini."

Mama aliniangalia, nami nikaangalia maranda chini. Kwenye ardhi lingekaa. Lakini mtundu haupandwi kwa kutembea. Ule mkono ukiinuliwa kutafuta mti, bega lingezama, na tandiko langu lingegeuka kuwa mteremko. Nililijua hilo kama ninavyojua kwamba ubao mbichi utapinda. Nilitafuta namna ya kumwambia, na kila neno nililolitafuta lilikuwa na sura ya kumvua nguo.

Siku ya mtundu tulikwenda wote. Wanaume walipanda na kushuka. Wengine walitaniwa kwa matumbo yao. Mtani alikuwapo, amekuja kuweka maagizo ya nta, na alikuwa amewachoma wote kwa ulimi mmoja mmoja, akimsubiri baba kama mtu anayesubiri nyama. Baba akavua koti akanipa. Akaangika shoka. Akakumbatia mti kwa mkono wa kushoto, akakanyaga kikanyagio cha kwanza, akainua mkono wa kulia. Ulifika kwenye sikio. Bega likazama, na shoka likateleza taratibu, kana kwamba linaomba ruhusa, likapiga mzizi na kulala.

Nilimgeukia mtani. Kucheka ilikuwa haki yake na kazi yake. Mtani wa kwetu hucheka hata matangani. Alikuwa ameinama, anaangalia mnyororo wa baiskeli yake. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu hasa, kwa sababu nilielewa kwamba kila mtu pale alikuwa amelijua jambo hilo, na sasa walikuwa wakilizika pamoja na baba.

Baba alishuka. Aliokota shoka kwa mkono wa kushoto, akalifuta udongo kwenye suruali, akanijia. Akaniangikia begani, akarudi nyuma kidogo na kulitazama kwa jicho moja limefumbwa, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

"Hapa linakaa," alisema. "Panda."

Nilipanda. Nilikuwa na suruali yangu ya chuo na sikuwa nimepanda mti tangu ujana, nikachunika magoti yote mawili, lakini nilifika kwenye tawi na kushuka, na shoka halikuanguka. Mkubwa wa kambi aliitikia kwa kichwa. Nilipomtafuta baba nimpe koti lake, alikuwa amekwisha kwenda.

Porini, kwenye njia ya kuelekea Ulyankulu, niliikuta mizinga yake mmoja mmoja kwa alama yake iliyochongwa kwenye magome, mkato mrefu na mifupi miwili. Niliirina yote. Nyuki walinila, moshi ukanipofusha, na nasema bila kujisifu bure kwamba wale waliosema sitaweza walikuwa wamesimama chini wakipokea masega yangu. Shoka halikuanguka hata mara moja. Lakini tandiko lile halikuchongwa kwa bega langu. Lilinikwaruza mahali pamoja, kila siku mahali palepale, pakatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa gamba. Baba mdogo alinishauri nilipunguze kwa kisu. Nilikuwa na kisu, na nilijua pa kupunguza. Sikupunguza.

Niliporudi niliwakuta wote wamekuwa wapole kwa baba. Walimwamkia kwa sauti ya chini, wakamletea kigoda kabla hajakitafuta. Mama alisema hajala vizuri tangu tuondoke, na kwamba mtani hajakanyaga pale tangu siku ya mtundu, na kwamba hilo ndilo baba aliloliuliza mara nyingi kuliko habari zangu. Nilimwambia baba mizinga yake yote imetoa. Akasema vizuri. Nilimwambia shoka halikuanguka. Akasema anajua, akaendelea kutazama njia.

Kesho yake nilitoka kulipa. Baba mdogo nilimrudishia shoka lake likiwa na mpini mpya, mkia umekazwa, na bakuli la asali juu yake. Alilitikisa sikioni, akaliangika begani bila kulitafutia kasoro, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Shoka la marehemu nililirudisha katika kitambaa chake, sikulitia tupa, na asali nikaimimina katika lindo, kile chombo cha gome la mti ambacho mkubwa wa kambi alihifadhia asali ya nyumbani. Alisema mwakani kuna nafasi yangu. Kisha nikaenda mjini, dukani kwa mtani, karibu na soko, nikamwekea mezani shoka lake la Ulaya, lenye kabari mpya iliyotiwa katikati, na bakuli lake la asali.

Aliionja. Akasema ina moshi wa karani. Kisha akauliza, bila kunitazama, baba anasemaje.

"Hasemi," nilimwambia. "Watu wanamwonea huruma."

Alijifuta kidole, akamimina asali katika debe lake, akafunga duka mchana kweupe. Tulirudi Ntalikwa kwa baiskeli yake, mimi nimekaa nyuma na bakuli tupu mapajani. Hakupiga hodi. Aliingia moja kwa moja mpaka ndani, akalitoa koti la kijivu kwenye kigingi, akalivaa.

"Nimesikia kuna mpagazi amekufa hapa," alisema kwa sauti iliyofika kwa majirani. "Nimekuja kuchukua koti kabla hawajamzika nalo. Babu yenu alibeba pembe mpaka kwetu pwani, tukamlipa shanga akafurahi. Huyu wa leo, kishoka kimoja kimemshinda, mti umeona haya."

Nilishika fremu ya mlango. Mama alisimama na mwiko mkononi. Baba alimtazama mtani, koti likimning'inia pande zote mbili kama gunia juu ya mti mkavu.

"Livue hilo," baba alisema. "Wewe huna bega. Una shingo mpaka kwenye viwiko."

"Nina bega la kutosha kubebea nta yako."

"Nta yangu umeiiba miaka yote. Mama watoto, mpe huyu chakula akale nje na mbuzi."

Mama alikwenda jikoni akicheka, kanga mdomoni. Baba alinyoosha mkono wa kushoto, akamkamata mtani kwa ukosi wa koti, akamketisha. Wakaanza kupigana maneno kuhusu bei ya nta, kuhusu punda aliyekufa zamani, kuhusu nani atamzika nani. Ukutani diploma yangu ilikuwa imepinda kidogo kwa kishindo cha mlango, na begani gamba langu liliwasha.

Siku hiyo nilikuwa nimemlipa kila aliyenikopesha. Nilibaki mlangoni na bakuli tupu, nikiwasikiliza, na hakuna aliyenituma kutengeneza chochote.